Waya wa Mtandao

Folda ya marehemu mume wa fundi wa kompyuta ilirudi Jumatatu asubuhi, jina lake kamili, mahali pake palepale, na ndani hamna kitu.

Seva yenye orodha ya mafolda ilikufa wikendi. Mfanyakazi mwenzake na fundi huyo pale makao makuu, mtu mwema ila mdomo hauna kufuli, akairudisha orodha kutoka nakala ya zamani. Kisha akampigia simu mama mkwe wa fundi: jina la mwanao limerudi.

"Mama, hiyo ni orodha tu," fundi alimweleza. "Vilivyomo tulivipoteza huku makao makuu baada ya msiba. Vimebaki kwenye seva ya tawini, na ile imezimwa tangu siku ile."

"Basi twende tukaiwashe, mwanangu. Nataka kumsikia."

Chumba cha mashine cha tawini hakikushika simu, kwa hiyo mume wa fundi alizoea kujirekodi na kumtumia mkewe kupitia folda hiyo. Nunua mkate. Leo nitachelewa. Bado umeninunia? Dakika moja tu, rekodi imefika makao makuu; mabadiliko ya huko hushuka tawini usiku tu.

Siku ile kitasa kilikwama, chumba kikamfungia ndani. Dawa yake ya pumu ilikuwa kwenye koti, nje, mezani. Saa tano na nusu umeme wa jengo ulikatika. Walimkuta saa kumi jioni.

Walipofika tawini wiki saba zilikuwa zimepita, na kikombe chake bado kilikuwa juu ya seva. Fundi alikisogeza kwa kidole kimoja. Aliogopa chumba kile, na mama mkwe alimwonea huruma.

Ukutani palibandikwa karatasi kwa mwandiko wa fundi mwenyewe: "Chomoa waya wa mtandao kabla ya kuwasha." Seva iliyolala ikiamka na waya wake, makao makuu huiletea yote yaliyopita ilipokuwa imelala, hata habari za vilivyofutwa, nayo hutii na kuvifuta bila kuuliza. Fundi alikuwa amewafokea wengi kwa kosa hilo.

Akachomoa waya. Akawasha. Folda ikafunguka: rekodi arobaini na moja, ya mwisho saa tano na dakika tano.

Mama mkwe, aliyekalia kiti cha mwanawe, alivuta pumzi. "Hii ya mwisho uliisikia?"

"Haikunifikia, mama. Umeme ulikatika."

"Maskini mwanangu. Alisema na ukuta." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Ifungue."

"Ngoja nichomeke spika."

Fundi aliinama nyuma ya seva na kukaa huko muda mrefu kuliko spika inavyohitaji. Kitu kililia taki. Taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa, na kwenye kioo cha kompyuta rekodi zikaanza kutoweka, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

"Waya umegusa, mama," fundi alisema huku akilia, na kilio kilikuwa cha kweli. "Nisamehe."

"Usijilaumu, mwanangu. Ni mashine."

Mama mkwe alivaa miwani yake, akasogea karibu na kioo, akasoma polepole mstari pekee uliobaki. Rekodi arobaini na moja zimefutwa makao makuu, tarehe ileile ya msiba, saa tano na dakika saba, na mbele yake jina la mkwewe.