Kinyaa cha Mzee Evaristo

Mzee Evaristo alitema mate langoni, akayasugua kwa kiatu, ndipo akaingia Montecupo.

"Babu!" Ornella alimvuta mkono. "Si uliniahidi?"

"Niliahidi kuja. Sikuahidi kumeza mate."

Kwa maneno yake mwenyewe hakuwahi kukanyaga mji huu. Aliutazama tu kutoka kwetu Roccabuia, ng'ambo ya bonde, kama mtu anavyotazama jipu shavuni mwa jirani. Sisi wa Roccabuia hatuoi Montecupo. Hata mayai yao hatununui. Sasa Ornella, mjukuu aliyemlea mwenyewe tangu baba yake afariki, alitaka kuolewa na Manlio, kijana wa huku huku juu, na kesho Jumapili padre angetangaza ndoa yao kanisani. Msichana alikuwa ameomba jambo moja tu: babu ashinde Montecupo siku moja, auone mji kwa macho yake, kisha aseme kama atamshika mkono kumpeleka altareni.

Manlio alikuwa akiwasubiri ndani ya lango, kavaa shati jeupe, nywele kazilaza kwa maji. "Karibu, mzee. Karibu sana."

Evaristo hakumpa mkono. "Mbona kunanuka?"

"Ni paka tu, mzee."

"Paka wa kwetu hawanuki."

Basi wakazunguka. Mnara wa kengele ulikuwa umepinda, na mzee akasema waliojenga walikuwa wamelewa chakari. Maji ya kisima cha uwanjani yalikuwa ya kijani, na mzee akasema hata punda mwenye heshima zake angeyakataa. Kanisani Manlio aliwaonyesha kwa fahari kidole cha mtakatifu wao, kimekaukia ndani ya kioo. Evaristo aliziba pua kwa leso.

"Mguu wa kuku," alisema. "Watu wazima mnapigia magoti mguu wa kuku."

Bibi mmoja aliyekuwa akisali aligeuka. "Huyo wa Roccabuia," alimwambia mwenzake bila kushusha sauti. "Msamehe, shoga. Kule wanaoga Pasaka hadi Pasaka."

Ornella alicheka, Manlio alicheka. Evaristo hakucheka. Kinyaa kilikuwa kimempanda kweli, na kila Manlio alipomsogelea, mzee alirudi nyuma. Hata uso wa yule kijana hakutaka kuutazama.

Jua lilipokuwa kali Manlio alitaka kuwapitisha barabara kuu, lakini mzee, kwa hasira zake, alikwishatangulia kwenye kichochoro chenye dari, giza tupu, mawe yananing'inia. Aliinama palepale ambapo wageni wote hujigonga. Aliyejigonga ni Manlio, mwenyeji.

"Una bahati, mzee," kijana alisema akijisugua paji la uso.

"Nakimbia harufu," mzee akajibu, na akazidisha mwendo.

Kichochoro kiliwatoa mlangoni kwa Argia, mama wa baba yake Manlio, mjane, aliyekuwa amewapikia chakula cha mchana. Hapo Ornella alikata tamaa kabisa, maana bibi huyu alikuwa na ulimi kumshinda babu.

"Ndiye huyu?" Argia aliuliza, mikono kiunoni. "Nilidhani Roccabuia wataleta mtu, kumbe wameleta gunia."

"Na mimi nilidhani naletwa nyumbani, kumbe ni zizini."

"Ndoa hii siitaki."

"Hata mimi siitaki. Angalau hapo una akili."

Walikula utumbo wa ng'ombe uliotiwa chumvi mpaka ulimi ukawasha. Hata mkate ulikuwa na chumvi. Montecupo ndivyo wanavyooka, na kwetu tunaona ni uchafu, mkate ni mkate na chumvi ni chumvi. Manlio alichukua kipande, akachomoa sehemu laini ya ndani, akaiviringa vidonge vidogo vidogo na kuvipanga ukingoni mwa sahani.

Ornella alipiga makofi. "Babu, tazama! Anauchezea mkate kama wewe! Na mimi nilidhani kichaa wa hivyo dunia nzima ni mmoja."

Evaristo alivitazama vile vidonge. Kisha aliinuka, akashika kizingiti cha dirisha na kutapika bustanini.

"Chumvi," alisema, akihema.

Ornella aliweka uma mezani, macho yamemjaa machozi.

"Basi, babu. Tangu asubuhi nangoja uniambie sababu moja. Moja tu. Umenipa kinyaa, na bibi naye kanipa kinyaa. Kinyaa hakiwezi kunizuia kuolewa. Mjomba atanipeleka altareni." Alimshika Manlio mkono. "Twende kwa padre sasa hivi tukamwambie kesho atangaze."

"Ornella," mzee aliita.

"Una sababu?"

Mzee alimgeukia Argia, kisha akainamisha macho. Vijana wakatoka, na viatu vyao vikasikika vikishuka ngazi za mawe.

Argia alisukuma mlango ukajifunga. Akalowesha ncha ya aproni yake kwa maji, akamfuta mzee kidevu, polepole, kisha akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka.

"Tumetukanana mbele yao mpaka koo zimetukauka, Evaristo, na hawakukoma," alisema. "Kimbia, uwawahi kabla hawajafika kwa padre, umwambie mjukuu wako kwamba Manlio naye ni mjukuu wako."