Kamba ya Verlene

Kanali wa maigizo ya vita alikuwa akiwatambia watazamaji kwamba vifungo vya koti lake vililowekwa kwenye mkojo wiki nzima, ili shaba ichakae kama ile ya vita vyenyewe. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Verlene, mama mweusi aliyesimama nyuma yao, akajipenyeza kuelekea mbele.

Kila kiangazi wanaume hawa wa Pennsylvania huvaa sare za jeshi la Kusini, lile lililopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wakapita kwa ngoma na bendera barabara ileile liliyopita jeshi hilo. Hata nyuzi za soksi wanazihesabu. Lakini wale watu weusi, watu huru, ambao jeshi lile liliwakamata mashambani humu likawaswaga kama ng'ombe kwenda kuuzwa, hakuna anayewaigiza. Nyanya wa nyanya yake Verlene alikuwa mmoja wao.

Ngoma ilipolia, alichomoka kwenye umati akasimama mbele ya safu. Mikono alikuwa ameifunga kamba ya katani, mwenyewe, kwa meno, na ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka.

"Mama, tafadhali, tupishe," kanali alinong'ona. "Unatuharibia. Tunataka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa."

"Hata mimi, baba. Vifungo umevikojolea, mimi umenisahau?"

Akamnyooshea ncha ya kamba.

Kanali alikuwa mtu wa adabu, aliyelelewa kutomwachia mama mtu mzima mkono hewani. Akaipokea.

Kamera zikalia kabla hajakumbuka kuiachia.