Nyembe Mbili

Nilipokaza tapeti ya mwisho, kugonga kwa injini kulinyamaza kabisa.

"Umeiweza!" Mzee Haidari akapiga makofi. Ile spoti, gari aliloachiwa na marehemu baba yake, ilikuwa inagonga tik tik miaka yote, na leo ndiyo inampeleka binti yake Kibondo kwa mumewe.

Mimi najua nilichofanya. Kila tapeti, ile skrubu inayobonyeza valvu, unaiachia kanafasi ka unene wa nyembe mbili. Nilipoacha nafasi ya kukisia kwa macho, bado iligonga, watu wakacheka. Nikakaza zote mpaka mwisho ili wanyamaze.

Bibi harusi akaingia, shela limejaa dirishani. Mzee akazima gari, wakwe wasikie inavyowaka kistaarabu. Akapiga stata. Injini ikazunguka, haikushika. Akarudia. Wapi! Imeshapata moto, vyuma vimetanuka, valvu hazifungi tena, pumzi yote inavuja.

Nyembe nilikuwa nimezing'ata mdomoni. Hazikuwa na hata tone la oili.

Wakwe wakavua makoti, wakaanza kusukuma kuelekea mteremkoni. Na mimi nikaenda kushika buti.

"Muacheni fundi apumzike!" Mzee akatoa kichwa dirishani, anatabasamu. "Huyu kijana kashafanya kazi yake."