Mwokaji Arudi kwa Magoti

Mwokaji aliingia kwa magoti kupitia mlango uleule alioupiga teke juzi.

Juzi hiyo alikuwa mfalme. Kiwanda kikubwa cha mikate kilikuwa kimempa kazi ya usimamizi, kwa simu tu, naye hakungoja zaidi. Alivua aproni akaitupa tanurini, akamwita tajiri wake kiboko aliyepakwa unga. Wateja waliapa kwamba mikate ya siku ile ilinuka vifungo vya aproni vilivyoungua.

Jana kiwanda kikapiga simu tena.

"Samahani ndugu, tumebadili mawazo."

Simu ikakatwa. Akawapigia wao, hawakupokea. Akapiga mpaka betri ikazima.

Mkewe, aliyekuwa na mimba ya kujifungua wakati wowote, hakufoka.

"Baba Pacha, rudi kwa yule mzee. Hata ikibidi umlambe miguu, mlambe. Hawa wawili na huyu anayekuja watakula nini?"

Basi akarudi. Tanuri lilikuwa baridi, lakini aibu ilikuwa imemziba macho asitambue. Mzee alikaa juu ya gunia la unga, shati limenyooka kwa pasi, anakata kucha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo kiboko kawa mzee?"

"Nisamehe. Shetani alinipitia."

"Alikupitia, au ulimpa lifti?"

Mwokaji alinyakua ndoo na brashi, akaanza kusugua sakafu bila kuombwa. Aliahidi kufika kabla ya jogoo, kubeba magunia peke yake, hata kulala mlangoni awe mlinzi. Machozi yalidondoka kwenye unga uliomwagika sakafuni, na alikosugua kukawa na donge la kutosha andazi.

"Nipe hata kazi ya kufagia, mzee wangu. Nyumbani siwezi kurudi mikono mitupu."

Mzee aliinuka, akamshika bega taratibu.

"Sina kinyongo nawe, mwanangu. Wale watu wa kiwanda walinipigia jana asubuhi kukuulizia. Nikakusifu mpaka mate yakanikauka. Nikasema mikono kama yako sijaiona tena."

Mwokaji akaacha kusugua.

"Sasa mbona wamenikataa?"

Mzee akakohoa, akatazama pembeni.

"Wakaniuliza ni nani aliyekufundisha. Nikasema ni mimi. Naripoti kazini kwao kesho."