Kanda Iliyookotwa Wadi Kabir

Halua ilitangulia. Salamu hazijesha, Kheiria hajajua hata ameitiwa nini, Yazan alikwisha kumsogezea sahani na kumkaribisha ale. Kheiria alisema ameshiba. Alikuwa amepigiwa simu asubuhi aje kwenye jumba hili la watu wa usalama lisilo na kibao, na mtu aliyeitwa jumba kama hili halua haimpiti kooni, hata iwe ya zafarani.

Mezani palikuwa na redio ya kaseti. Yazan, ofisa kijana mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, alieleza kwa Kiarabu kwamba kanda iliyomo imeokotwa kwenye teksi mtaa wa Wadi Kabir, hapa Muscat. Upande mmoja una taarabu ya harusini. Upande wa pili kuna mwanamke anazungumza Kiswahili, na wao pale Kiswahili hawakijui. Kheiria ni mfasiri wa mahakama, basi awafasirie.

Mzee mmoja alikaa dirishani akivuta tasbihi. Hakujitambulisha, wala Yazan hakumtambulisha. Kheiria alimwogopa yeye zaidi. Katika Muscat huwezi kujua nani alilelewa na bibi wa Unguja, akakijua Kiswahili, na nani hakulelewa.

Yazan alibonyeza kitufe. Sauti ikatoka, na Kheiria akashika ukingo wa kiti. Ilikuwa sauti ya Nunu.

Majirani wa Al Amerat walimjua Nunu kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na hapo ndipo ujuzi wao ulipokomea. Kheiria alimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Kanda zile Nunu alizirekodi jikoni kwake, kisha zikapenyezwa kwenye vifuko vya zawadi za harusi, kwenye magereji ya Ghala, chini ya viti vya teksi. Humo alizungumza na wanawake wanaopenda wanawake na wanaume wanaopenda wanaume. Aliwasimulia jinsi, alipokuwa mwanafunzi London, miaka ya themanini, yeye na wenzake walivyolala barabarani mbele ya mabasi kudai haki zao mpaka polisi wakawabeba mikono na miguu. Alisema hata hapa wapo, na hawaombi ruhusa ya kuwepo. Mwaka mzima huo wa tisini na saba Kheiria alikuwa amemsihi aache. Nunu alicheka tu, akabadilisha kanda.

"Nyinyi mnaonisikiliza," ilisema sauti, "msikubali kuozwa ili mfichwe."

Yazan akaisimamisha kanda. Akamwuliza amesema nini.

Akisema kweli, Nunu atachukuliwa kabla ya adhuhuri. Akisema uongo na yule mzee akawa anakijua Kiswahili, watachukuliwa wote wawili. Yazan aliisukuma tena ile sahani, mpaka ikagonga redio, akamwambia aonje kwanza. Kheiria alikereka; huu ndio wakati wa ukarimu? Kisha ulimi wake, kwa kukosa pa kushika, ukashika kilichokuwa mbele ya macho.

"Anafundisha kupika halua," alisema. "Anasema msikubali kutia wanga kabla sukari haijayeyuka."

Yazan aliandika bila kuinua uso. Kanda ikaenda na kusimama, ikaenda na kusimama, kila mara sentensi inapokwisha na si katikati ya neno, na kila iliposimama Kheiria alipika. Alitia samli. Alitia hiliki na marashi ya mawaridi. Alikoroga mpaka jasho likamtoka kweli.

Tasbihi ikanyamaza.

"Ametaja London, binti yangu," alisema mzee. "Na polisi. Hayo hayahitaji mfasiri."

Kheiria alijibu kwamba shangazi wa huyo mwanamke aliwahi kuchukua halua kwenda London, na polisi wa uwanja wa ndege wakaufungua mkebe wakidhani ni kitu kingine. Mzee akamwashiria Yazan aendelee.

Sasa Nunu alikuwa akiwataja wenzake waliokufa kule kwa ugonjwa ambao watu waliona haya kuutamka. Sauti ilimkatikakatika.

"Mbona analia?" aliuliza mzee.

"Iliungua."

Mzee alimkazia macho muda mrefu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Kheiria akachelewa kuelewa kwamba anacheka. Alisema mama yake naye aliunguza sufuria nzima siku ya Idi, akalia mpaka jioni. Aliinuka kwenda kutawadha, akamwambia Yazan kanda hiyo aitupe, wasimpotezee tena wakati kwa mambo ya jikoni.

Yazan alimsindikiza Kheiria mpaka garini, kama adabu inavyotaka. Kheiria aliketi nyuma ya usukani, akateremsha kioo. Alikuwa akiwaza asiende kwa Nunu moja kwa moja, labda atafuatwa. Labda kucheka kwa mzee kulikuwa mtego. Labda huyu kijana ametumwa nyuma yake aone anaelekea wapi.

Yazan aliinama dirishani, akampa kifurushi cha ile halua iliyobaki. Kilikuwa kizito kuliko halua. Chini yake palikuwa na kitu kigumu, chembamba, cha pembe nne, kadiri ya kaseti.

"Mwambie Nunu asiitaje tena London," alisema taratibu, kwa Kiswahili cha Unguja kile cha majumbani. "Na wewe, Bi Kheiria, nlikusogezea ile sahani mpaka nkachoka. Nlichelea hutaiona."