Fundi wa Nyasaland

Choo cha bweni kilipoanguka kwa mvua, wanachuo wote walimnyooshea Zubery kidole. "Mwalimu, fundi tunaye!"

Wangesema nini kingine? Tangu arudi Nyasaland, alikojitolea likizo nzima kwenye ujenzi wa shule, hapo chuoni Iringa hakuna aliyekunywa uji kwa raha. "Ukuta ule niliunyoosha mimi," ndiyo ilikuwa salamu yake. Alichowaficha ni kwamba kule alikuwa akimenya mihogo ya mafundi, na akina mama walimpenda kweli kweli.

Mkuu wa chuo akamkabidhi timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma nchani, ya kupimia ukuta usiende upande.

Zubery akaigeuzageuza. Chuma kilikuwa cha baridi, kizito, kinang'aa.

"Asante sana, Mwalimu," akasema, akainama kwa adabu, akaivaa shingoni.