Ukingo wa Nishani

Bi Mwanahawa alifungua fundo la kanga yake akaiweka nishani mezani kwa Bwana Chande, fundi saa aliyejulikana mji mzima kwa kukusanya nishani za zamani na kuzitambua. Ilimeta kana kwamba imetengenezwa jana.

"Ya baba hii," alisema. "Alikwenda vitani mimi ningali tumboni, na mama hakuletewa kingine. Nataka kujua kikosi chake, nijue amezikwa wapi."

Bwana Chande akavaa kioo chake cha jicho. "Hizi huchongwa ukingoni, mama. Jina la askari, namba yake na kikosi." Akaizungusha polepole, akarudia mara ya pili na ya tatu. "Mnaisafisha kwa kitu gani?"

"Jivu na ndimu, kila Alhamisi. Alianza mama, alipofariki nikaendelea mimi. Sijaruka hata wiki moja."

Fundi alivua kioo, akamrudishia nishani. "Hebu pitisha ukucha hapo ukingoni."

Akapitisha. Palikuwa laini kama mdomo wa kikombe.

"Maandishi yalikuwepo," Bwana Chande alisema. "Mmeyasugua yakaisha."

Bi Mwanahawa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa chumvi imekwisha dukani. Akashukuru, akaifunga nishani kwenye kanga, akaenda zake nyumbani.

Ilikuwa Alhamisi. Alikuwa ameshachota jivu na kukata ndimu ndipo mkono ukasita juu ya nishani, na maji ya ndimu yakamchuruzika taratibu mpaka kwenye kiwiko.